Daftari la Kuonja

Ngazi za sela la Zsombor ni ishirini na tatu kushuka.
Kupanda huwa ishirini na nne, sijui kwa nini.
Ukungu wa mtoni tumeuacha juu, barabarani, mjini Mád.
Huku chini kuna ukungu mwingine,
mweusi, ulioota ukutani laini kama manyoya ya paka,
unaoishi kwa kuvuta pumzi za mapipa.
Etelka huupapasa kwanza, ndipo anakaa.

Wanaonja watano, mimi wa sita.
Wote tunatema ndooni,
ila kalamu ni yangu, na karatasi haitemi.

Wa kwanza ni wa mwaka huu, bado unanuka hamira.
Bálint anasema: limau.
Ilka anasema: limau la jana.
Naandika: jiwe la ukuta wa kanisa
lililolambwa na mtoto siku ya mvua,
na mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Wa pili harufu yake asali, ladha yake si asali:
barua ya benki
iliyoandikwa na mpwa wako.

Wa tatu mwekundu. Kauleta mkwe wa Bálint kutoka kusini,
kauviringishia gazeti kama mtu aliyeiba jogoo.
Pilipili manga, cheri, moshi kidogo.
Nyuso zimekunjwa: sisi huku hatunywi rangi hiyo.
Nimezitazama glasi zao.
Kavu.

Wa nne hauna karatasi.
Chupa imekutwa nyuma ya pipa lililopasuka,
juu yake chokaa, herufi mbili,
maana baba hakuwa na subira ya kuandika ya tatu.
Zsombor kaumimina taratibu, macho chini.
Tukaonja.
Etelka kasafisha koo. Mkwe katafuta ndoo.
Siki. Hata nzi angejua.
Kalamu nimeishika kitambo.
Ulikuwa na ukakasi wa sauti yake
akiniita nimshikie taa, juu zaidi, si hapo, juu,
kisha mbali kabisa, nyuma ya ukali wote,
tofaa. Naapa, tofaa.
Nimeandika: siki.
Sikutema.

Wa tano siukumbuki.
Daftari linasema "mzuri, mviringo",
maneno ninayoandika nikiwa sipo.

Wa sita ndio unaolipa ada za shule hapa kijijini.
Zabibu zake ziliachwa mzabibuni zisinyae, ziote ukungu,
zioze kwa adabu, basi,
halafu Ilka na wenzake wakazichuma moja moja
kwa vidole vyenye baridi yabisi.
Mwaka jana mnunuzi mmoja aliuliza kwa nini bei iko juu.
Ilka alimwonyesha mikono. Yule bwana akadhani anaagwa, akapunga.
Aprikoti zilizokaushwa, ganda la chungwa,
na chumvi, chumvi imetoka wapi?
Tunamtazama Zsombor, hatusemi kitu.
Mgema akisifiwa, yaliyobaki mnayajua,
na kisima chake kiko karibu mno na mlango.

Wa saba haunywewi, unalambwa.
Mzito, hauna haraka na koo la mtu.
Miaka sita umechacha ndani ya chupa ya kioo,
polepole kuliko kesi ya mpaka.
Bálint ana kisukari, daktari kamkataza,
binti yake kamkataza, sisi tukamwambia: nusu kijiko tu.
Kafumba macho.
"Hii," akasema, "ilikuwa nusu ya kwanza."
Mimi sikuandika kitu. Ulimi ulikuwa na kazi.

Baadaye nimeosha: glasi thelathini na sita,
vijiko vitano.
Maji ya moto, bila sabuni.
Glasi moja harufu imegoma kutoka.
Sikuisugua mara ya pili.
Nimeifunika kwa kitambaa, nikazima taa,
nikaanza kuhesabu ngazi.